Baiskeli ya Mwanafunzi Hukwama Langoni

Kila baada ya muda Kampala hupata Jumapili yake ya baiskeli. Fulana zinachapishwa, barabara moja au mbili zinafungwa kwa saa chache, mheshimiwa fulani anapanda baiskeli mita mia mbili huku walinzi wakimkimbilia kando, hotuba za afya na mazingira zinatolewa, na vijana waliokuja wanahimizwa waanze kwenda shule kwa baiskeli. Jumatatu asubuhi vijana wale wale wako juu ya boda, watatu kwenye pikipiki moja, mdogo wao kakalia tangi, mabegi yananing'inia kwenye usukani.

Waandaaji wa Jumapili hizo hulalamika kwamba vijana wa siku hizi ni wavivu, wamezoea simu na boda. Mimi siwaoni hivyo. Kaa na kijana wa kidato cha pili, umwulize taratibu safari yake ya shule inavyokwenda, tangu anapoamka hadi anapoketi darasani. Utagundua baiskeli imeshazuiwa mara kadhaa kabla hajapata nafasi ya kuipenda au kuichukia. Na vizuizi vingi havipo barabarani. Vipo shuleni: saa ya kuingia, lango, sare, na mahali pa kufungia baiskeli. Mambo hayo yako mikononi mwa mwalimu mkuu na bodi yake, gharama yake ni ndogo, wala hayangoji mkopo wa Benki ya Dunia. Ajabu ni kwamba kila kampeni huyaruka.

Tuanze na saa. Uganda imekatwa na Ikweta, kwa hiyo jua letu halihamihami sana. Lakini saa zetu ni zile zile za Mombasa na Dar es Salaam, miji iliyo mbali mashariki yetu ambako jua hutangulia kuonekana. Kwa sababu hiyo Kampala jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja asubuhi, mwaka mzima. Sasa chukua shule ya kutwa inayotaka wanafunzi wote wawe ndani ya uzio saa moja kamili, na madarasa ya mtihani hata kabla ya hapo. Kijana anayetoka Kyengera au Kireka anakuwa njiani saa kumi na moja na nusu, giza totoro, kwenye barabara isiyo na taa, akipishana na taksi yenye taa moja ya mbele. Mzazi anayekataa baiskeli katika hali hiyo hahitaji kuhubiriwa na mtu. Jioni nako ni vivyo hivyo: masomo ya ziada yakiisha saa kumi na mbili, jua limebakiza muda mfupi tu kuzama.

Yaani tumepanga siku ya mwanafunzi kiasi kwamba safari zake zote mbili ziangukie kwenye giza, kisha tunamwambia apande chombo ambacho usalama wake unategemea kuonekana.

Shule zitasema saa hizo zinadaiwa na mitihani. Sikubaliani. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 ulipunguza masomo na saa za darasani, ili alasiri ibaki kwa miradi, michezo na kujisomea. Shule nyingi ziliupokea mtaala zikaacha roho yake mlangoni; alfajiri ilibaki na somo lake la ziada na jioni lake, kwa kuwa wazazi wanalipia na walimu wanapata chochote. Somo la kwanza likianza saa mbili na nusu, mwanafunzi anayekaa kilomita nne kutoka shuleni anaweza kuondoka nyumbani saa moja na nusu, jua likiwa juu, akafika bila haraka, akanawa uso. Hakuna taa ya baiskeli inayoshinda hilo.

Kuna jambo jingine la saa ambalo watu wazima hulisahau: adhabu ya kuchelewa. Viboko shuleni vilipigwa marufuku na marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016, ingawa kila mwenye mtoto anajua vimepungua wapi na vimebaki wapi. Kufyeka nyasi, kufagia uwanja na kusimamishwa langoni mpaka kipindi cha pili kumebaki palepale. Boda ikipata pancha, kijana anarukia nyingine ndani ya dakika mbili. Baiskeli yake ikipata pancha pale Ndeeba, hana tyubu ya akiba, fundi wa karibu hajafungua, na panga la kufyekea linamsubiri. Kijana mwenye akili timamu anapiga hesabu hiyo kwa haraka kuliko sisi na hotuba zetu. Shule inayotaka baiskeli inabidi iandike kwenye kanuni zake kwamba pancha ni sababu inayokubalika ya kuchelewa. Sentensi moja tu.

Sasa lango. Asubuhi moja nilikuwa nimesimama nje ya shule ya kutwa, upande wa Nsambya, nikisubiri rolex yangu, chapati ya kuviringishwa na mayai, iive. Akaja mvulana anasukuma baiskeli nyekundu ya gia, jasho linamtiririka, shati jeupe limemgandia mgongoni. Mlinzi akamnyooshea kirungu.

"Hiyo haiingii."

"Niiweke wapi, mzee?"

"Nje huko. Waalimu wamekataza. Ikiibiwa mtasema ni mimi."

Kijana hakubisha, ilionekana mazungumzo hayo wameshayafanya. Akaja hadi kwenye kibanda cha rolex, akapitisha cheni kwenye nguzo ya mwavuli wa muuza chapati, akafunga kufuli ndogo ya sanduku. "Kaka, niangalizie kama jana." Muuza rolex akaitikia kwa kichwa bila kuacha kupiga mayai. Baiskeli ya kijana yule ilikuwa imekabidhiwa kwa mtu asiyelipwa na shule, mwenye kazi yake, anayefunga biashara mchana. Ndani ya uzio, hatua chache kutoka langoni, kulikuwa na kivuli cha mabati mapya kwa magari ya walimu, matatu yameegeshwa na nafasi kama tano ziko tupu.

Hofu ya shule naielewa. Baiskeli ikiingia ndani ni dhamana, ikipotea mzazi anakuja juu. Lakini simu za walimu, magodoro ya wanafunzi wa bweni na masufuria ya posho pia ni dhamana, na hakuna aliyeamua yakae nje kwa muuza chapati. Kinachotakiwa ni vyuma vya kufungia, na hapa nitaingia kwenye ufundi kidogo kwa sababu nimeona vinavyotengenezwa vibaya. Vile vyenye nafasi nyembamba za kuingizia gurudumu la mbele havifai. Baiskeli ikisukumwa, spoku zinapinda, na mwizi anafungua nati ya gurudumu la mbele, analiacha limefungwa pale na kuondoka na fremu. Kinachofaa ni bomba lililokunjwa kama herufi U iliyopinduliwa, miguu yake miwili ikazamishwa kwenye zege. Kijana anaegemeza baiskeli, anafunga fremu pamoja na gurudumu, na bomba moja linabeba baiskeli mbili, moja kila upande. Mafundi wa Katwe, wanaochomelea malango, majiko na mashine za kusaga, hawatahitaji kufundishwa kazi hiyo. Na viwekwe mbele ya kibanda cha mlinzi. Nimeona shule iliyovijenga nyuma ya vyoo, mahali ambapo hakuna jicho la mtu, kisha ikashangaa.

Nikirudi kwa vijana wenyewe, aibu ipo. Mpwa wangu wa miaka kumi na sita nilipomdokezea habari hii hakuzunguka: "Mjomba, baiskeli ni ya watu wa matoke." Alikuwa na hoja. Katika Kampala baiskeli unayoiona siku za kazi imebeba mikungu mitatu ya ndizi, madebe ya maji, magunia ya mkaa au mananasi, na mwenyewe anatembea kando akiisukuma kupanda kilima. Waganda wameipa jina la utani, manyi ga kifuba, yaani nguvu za kifua. Ni chombo cha jasho na cha mtu asiye na uwezo wa pikipiki. Kumwambia kijana anayepigana kupata heshima mbele ya wenzake aingie nacho shuleni ni kumwomba jambo kubwa kuliko tunavyodhani.

Cha kuchekesha ni kwamba bila baiskeli boda zenyewe zisingekuwepo. Biashara ile ilianza miaka ya 1960 huko mpakani Busia, baiskeli nyeusi zenye keria iliyowekwa mto, zikivusha watu na mizigo kati ya kituo cha Uganda na cha Kenya. Ikasambaa Jinja, Mbale, ikafika hadi huku, mpaka pikipiki ilipoipokonya kazi kuanzia miaka ya 1990. Wazee wa Busia na Tororo bado wanasimulia kwa fahari abiria waliowabeba. Kwa aliyezaliwa 2010, hata hivyo, yote hayo ni hadithi za babu.

Lakini mpwa huyo huyo, Jumamosi jioni, yuko na wenzake kwenye barabara tulivu ya mtaani wanainua gurudumu la mbele, wanaendesha wamesimama, wanapigana picha. Baiskeli hizo ni za gia, zilizotumika Ulaya na Japani, nyingine za kukodi kwa dakika. Basi aibu ile haitokani na chombo chenyewe. Inatokana na kuwa peke yake, ndani ya sare, juu ya baiskeli ya mizigo. Wakiwa kumi na wawili jambo lile lile linakuwa fahari. Watu wanaotaka kuhimiza vijana wangeanzia kwenye makundi haya yaliyopo tayari, ambayo hayakuundwa na mradi wowote, badala ya kuchapisha fulana nyingine.

Ushahidi bora ninaoujua kuhusu nguvu ya kwenda wengi kwa pamoja unatoka Bihar, jimbo maskini la India. Mwaka 2006 serikali ya jimbo hilo ilianza kuwapa wasichana walioingia darasa la tisa pesa za kununua baiskeli, wote kwa mkupuo. Watafiti Karthik Muralidharan na Nishith Prakash walichapisha matokeo mwaka 2017: uandikishaji wa wasichana sekondari uliongezeka kwa asilimia 32, na pengo kati yao na wavulana likapungua kwa asilimia 40. Bihar ni vijijini, shule ziko mbali, magari ni machache; sisemi Kampala itapata takwimu hizo. Ninachokichukua ni kwamba hawakumpa msichana mmoja mmoja shujaa. Walitoa kwa darasa zima, na msichana juu ya baiskeli akaacha kuwa kituko.

Hapa kwetu suala la wasichana ni zito, na wanaume tunaoandika kuhusu baiskeli hulipitia juu juu. Katika Buganda kwa muda mrefu msichana kupanda baiskeli kumetazamwa kama utovu wa adabu, na zipo imani kuhusu ubikira ambazo bado zinanong'onwa majumbani. Nenda Teso uone tofauti: akina mama wanaendesha na mtoto mgongoni na kapu la samaki kwenye keria, hakuna anayegeuza shingo. Hiyo inatosha kuonyesha kwamba mila hii ni ya eneo, haikuteremshwa kutoka mbinguni. Kinachobaki ni sketi. Sketi nyembamba ya sare haipandi fremu ya kiume yenye bomba la juu, na ile pana inaingia kwenye mnyororo. Dawa yake inajulikana: fremu ya chini isiyo na bomba la juu, kinga ya mnyororo, na kanuni ya sare inayoruhusu suruali, au sketi iliyogawanywa katikati. Wasichana wengi wa Kiislamu tayari huvaa suruali chini ya gauni la shule. Walimu wakuu wa shule zao hawakuona maadili yakiporomoka.

Na mzazi anayesema barabara ni hatari kwa binti yake, nikubaliane naye, kisha nimwulize swali lisilopendeza. Binti huyo anapelekwa na nani sasa? Mara nyingi na mwanaume mmoja wa steji ya boda ya karibu, aliyelipwa kwa wiki, anayejua ratiba yake, nyumba yake na saa anazokuwa peke yake. Wengi wao ni watu wazuri, wengine ni jirani zetu wenye mabinti wao. Lakini tumekaa vikao vingi kuhusu mimba za shuleni, na jina la boda halikosekani kutajwa. Hatari hii hatuihesabu kwa sababu tumeizoea.

Nimechelewa kuifikia barabara, nayo haikwepeki. Ripoti ya polisi ya mwaka 2024 ilihesabu watu 5,144 waliouawa katika ajali za barabarani nchini, na wanaotembea kwa miguu na wanaopanda pikipiki ndio wengi kati yao. Mimi simshauri mzazi yeyote amtume mtoto wa miaka kumi na nne kwa baiskeli kwenye Barabara ya Jinja, ya Masaka, ya Bombo au ya Entebbe saa za msongamano. Atakayemshauri hivyo aendeshe yeye kwanza kwa mwezi mzima. Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi ilitoa sera ya usafiri usio wa injini mwaka 2012, nzuri kuisoma, na mamlaka ya jiji ikachagua Barabara ya Namirembe na Mtaa wa Luwum kuwa mfano wa kwanza. Ukipita pale leo utakuta njia pana ya miguu na baiskeli, na juu yake wachuuzi wa viatu, boda zilizoegeshwa na magari yanayoshusha mizigo. Simlaumu mchuuzi, anafuata wapita njia, na wapita njia wamejaa pale. Ila zaidi ya miaka kumi baada ya sera, mfano wenyewe bado ni mfano. Mwaka 2023 wakazi wa Kampala walilazimika kufanya maonyesho ya mashimo ya barabara mtandaoni ili gari tu lipate lami. Anayengoja mtandao wa njia za baiskeli ukamilike kabla ya kumruhusu mwanafunzi, atasubiri hadi mwanafunzi awe babu.

Kuna na tatizo la mpaka ambalo halizungumzwi. Wanafunzi wengi wanaosoma Kampala wanalala Wakiso, wilaya inayolizunguka jiji. Barabara ya jiji inaishia kwenye kibao, na ng'ambo ya kibao ni halmashauri nyingine, bajeti nyingine, mhandisi mwingine. Njia ya baiskeli itakayojengwa na upande mmoja itakatika penye msongamano mkubwa kuliko wote.

Ndiyo sababu naona heri kuangalia umbali mfupi. Kilomita tatu au nne kwa baiskeli ni dakika kama ishirini hata kwa asiye na mazoezi, na katika umbali huo Kampala ina njia nyingi za ndani: vichochoro vya mitaa, barabara za udongo, njia zinazofuata reli na mifereji. Boda wanazijua zote. Kama ningekuwa mwalimu mkuu ningewaita vijana wawili wa steji iliyo jirani, niwape chai, wanichoree njia wanazopita polisi wanapofunga barabara kubwa. Kisha ningewaomba wazazi wa mtaa mmoja watoe mtu mzima mmoja wa kuongoza msafara wa asubuhi, wanafunzi wakijiunga njiani kituo kwa kituo. Barcelona wamekuwa na misafara ya namna hiyo tangu 2021. Wao wana polisi wa kuwasindikiza, sisi tungeanza na mjomba wa mtu mwenye koti la kung'aa na filimbi.

Umbali mfupi, hata hivyo, unagusa kidonda. Mzazi wa Kampala hupitisha mtoto mbele ya shule sita ili afike ya saba, inayosemekana kufaulisha. Wenye uwezo zaidi huwapeleka bweni, na heshima ya shule ya sekondari hapa kwetu imefungwa na bweni kiasi kwamba mwanafunzi wa kutwa huonekana kama aliyekosa nafasi. Kwa hiyo baiskeli inawahusu kwanza wale ambao hakuna anayewaandalia chochote: watoto wa Kisenyi, Katwe, Naguru, Kamwokya, wa kambi za polisi na za reli, wanaosoma shule za kutwa karibu na kwao. Wengi hutembea. Hao hawahitaji kushushwa kwenye boda. Wanahitaji kupunguziwa saa nzima ya kutembea.

Vilima vinatajwa mno. Ndiyo, kutoka Ndeeba kupanda Rubaga au kutoka mjini kupanda Namirembe ni kazi, na mwenye baiskeli isiyo na gia atashuka asukume. Lakini Kigali ina vilima kuliko sisi, na Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika huko, mara ya kwanza kabisa katika bara la Afrika. Isitoshe mabonde ya Kampala ndiko waliko watu wengi wa kipato cha chini, na njia ya bondeni ni tambarare. Mvua na mafuriko ya mabondeni ni hoja nzito zaidi ya vilima. Siku ya mvua kubwa, mtoto aende kwa miguu au kwa taksi, asiadhibiwe akichelewa, na kesho aendelee na baiskeli yake.

Pesa nitaitaja kwa kifupi. Tuseme boda ni shilingi 2,000 kwenda na 2,000 kurudi, siku tano, wiki kumi na mbili, mihula mitatu: 720,000 kwa mwaka kwa mtoto mmoja. Baiskeli nzuri iliyotumika yenye gia, pamoja na kufuli la maana, taa, kofia ngumu na tyubu ya akiba, haifiki huko. Ugumu ni kwamba boda hulipwa kidogo kidogo na baiskeli hutakiwa yote mara moja. Sacco za wazazi na walimu zipo karibu kila mahali, na nyingi hukopesha kwa ajili ya karo. Mkopo wa baiskeli unaolipwa kwa nauli iliyookolewa haungehitaji hata dhamana kubwa.

Kama ningeulizwa pa kuanzia, nisingeanzia Kampala. Mwaka 2020 miji kadhaa ilipandishwa hadhi kuwa majiji, na baadhi yake, Lira, Soroti, Gulu, Jinja, ina ardhi ambayo Kampala ingeililia. Lira na Soroti ni tambarare, na baiskeli huko bado ni chombo cha kawaida cha mama, mwalimu na mwanafunzi, japo pikipiki zinaisukuma nje mwaka hadi mwaka. Gulu ilipata barabara mpya zenye njia za miguu na taa za sola chini ya mradi wa miundombinu ya miji. Jinja ina mitaa mipana iliyonyooka, na ndiko lilikozaliwa shirika la FABIO, ambalo kwa miongo kadhaa limehangaika na habari za baiskeli kuliko ofisi yoyote ya serikali. Katika majiji hayo huhitaji kumrudisha kijana kwenye baiskeli. Unahitaji tu asiiache anapoingia kidato cha kwanza. Kulinda kilichopo ni rahisi kuliko kufufua, na bado pesa na kamera zote zinakuja Kampala.

Wakati wa zuio la korona la Machi 2020, taksi na boda ziliposimamishwa kubeba abiria na magari binafsi yakafuata, baiskeli zilijaa jijini ndani ya wiki moja. Mhasibu mmoja wa mtaa wetu alikuwa akienda kazini kwa baiskeli ya mwanawe, goti likigonga usukani. Vijana waliokuwa na baiskeli wakawa watu wa kutumwa dawa na unga na mtaa mzima. Ila shule zilikuwa zimefungwa, na ingawa baadhi ya madarasa yaliruhusiwa kurudi kwa muda, hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Zilipofunguliwa, boda zilikuwa zimerudi na malango yalikuwa na kanuni zile zile, kwa hiyo mazoea yale mapya hayakupata shule ya kuingia.

Vikao vya wazazi vinakuja na kila mwaka kuna kipengele cha basi la shule. Tunachanga, basi linanunuliwa, jina la shule linaandikwa ubavuni kwa herufi kubwa, nalo linapeleka kwaya na timu ya mpira, wakati mwanafunzi wa kutwa anaendelea kulipanda kwa macho. Mzazi mwenye nafasi kwenye kikao hicho anaweza kuomba vitu vinne viandikwe kwenye kumbukumbu: mabomba kumi ya kufungia baiskeli mbele ya kibanda cha mlinzi, somo la kwanza baada ya saa mbili, suruali kwa msichana anayeitaka, na pancha isiadhibiwe. Mwalimu mkuu atauliza nani atawajibika baiskeli ikiibiwa. Ajibiwe kwamba atakuwa yule yule anayewajibika kwa gari la mwalimu likikwaruzwa, na kipengele kinachofuata kisifunguliwe kabla hajasema ndiyo au hapana.